Hesabu ya Treni

Mtu akiniuliza kutoka Tabora mpaka Dar es Salaam ni mbali kiasi gani, humuuliza kwanza anakwenda na nini. Babu yangu, aliyekuja na misafara, alisema ni miezi mitatu kwa miguu, ukijaliwa usiugue njiani. Sisi tulikua na treni: mchana, usiku, na mchana mwingine tena, na vumbi la bure. Kisha Waingereza wakaleta eropleni, wakasema ni mwendo wa saa tatu tu. Sikuamini. Wale watu walikuwa na maneno mengi.

Mama alipopanda treni kwenda Dar kwa dada yangu, atibiwe macho, alinishika mkono kupitia dirishani akaniambia jambo moja. Akifia huko, wa kumshusha kaburini ni mimi, mwanawe wa kiume wa pekee. Nilikasirika, nikamwambia aache uchuro. Hakuniachia mkono mpaka nilipoitikia.

Haikupita miezi mingi. Asubuhi moja niliitwa posta, nikapewa telegramu: mama amefariki alfajiri. Sisi maiti hatumlazi, na kwa treni ningekuta hitima. Lakini siku ile ilikuwa siku ya eropleni. Nilikimbia ofisi ya tiketi, mlango wa pili kutoka posta, nikapata kiti cha mwisho. Natoka tu, karani wa posta amesimama barazani, ananiuliza kama nina jibu la kupeleka Dar.

"Jibu ni mimi mwenyewe," nikamwambia. "Nitafika kabla ya karatasi yako."

Nilijiona mjanja kweli.

Kiwanjani walinipima kwenye mizani, mimi na kifurushi changu, kama gunia la karanga. Tuliruka saa nne na nusu. Jirani yangu alinionyesha Tura kule chini kando ya reli, stesheni ambayo kwa treni tulikuwa tukiingoja mpaka miguu inakufa ganzi. Ilipita kabla sijamaliza Yasini ya pili. Nilitazama saa yangu mara kwa mara, nikaona nawahi. Moyo ulitulia, nasema kweli, hata nikasinzia kidogo.

Saa nane na nusu nilikuwa mlangoni kwa dada. Wanaume wamekaa kwenye mikeka, viatu vyao vina mchanga. Walinitazama kama mtu aliyetoka ardhini. Mjomba wangu, kaka yake mama, akainuka kunipa mkono wa rambirambi. Kucha zake zilikuwa na udongo.

"Tulizika baada ya adhuhuri," akasema. "Tulipiga hesabu ya treni, mpwa wangu. Ungeleta neno moja tu kwamba uko njiani na eropleni, tungemweka mpaka alasiri."

Nikamuuliza nani alimshusha. Akasema ni yeye. Nilimchukia, yeye na kucha zake, kwa dakika kadhaa. Kisha nikamkumbuka karani pale barazani, na kalamu yake sikioni, akingoja nimpe neno.

Dada alituma chai, sikuinywa. Nilikaa upande wa ukutani, karibu na mjomba. Adhana ya alasiri ilipoanza, nilikuwa nimekaa pale mkekani saa nzima.