Elida na Bibi wa Kwenye Picha

Verediana, jirani yangu wa ukuta mmoja, ndiye aliyeniletea habari kwamba Elida ana mashetani.

"Na si ya kwetu," akasema, ungo wa dagaa ukiwa bado mkononi. "Yanaongea Kifaransa. Moja dume, moja kikongwe, moja linalia kama mtoto. Nimeyasikia mwenyewe, Mama Yassir. Halafu anayajibu. Tena anayatukana."

Nikamwuliza anayatukanaje.

"Nitajuaje, ni Kifaransa. Ila tusi unalijua tu."

Ilikuwa mwaka 1998, Ujiji imejaa wakimbizi, na lolote tusilolielewa tulikuwa tunalibandika kwa Wakongo. Elida alitoka Uvira. Alivuka ziwa miaka miwili nyuma, vita ilipofika kwao, akapokelewa na shangazi yake mjane aliyeolewa Ujiji zamani. Chumba chake cha uani kilitazamana na dirisha langu. Mume wangu alikuwa Ilagala kwenye uvuvi, nami nilikuwa nyumbani na mtoto mchanga. Nikambeba, nikaenda kupiga hodi.

Mlango ulikuwa wazi. Elida alikuwa ameuelekea ukuta, mwiko karibu na mdomo, anamtishia mtu kwa sauti nzito, kwanza kwa Kifaransa, kisha kwa Kiswahili. Hapo hapo akageuka mwanamke, akaanza kusihi aachwe. Aliponiona hakushtuka.

"Karibu, mama. Ngoja kwanza nife," akasema. Akafa, kisha akanipa kigoda.

Ndipo nikaijua kazi yake. Banda la video la Mzee Hamdani, kule sokoni, lilipata kanda kutoka Bujumbura, zinapitia Kagunga kwa boti, na karibu zote zilikuwa zimetiwa sauti za Kifaransa, hata za Wachina. Elida alikuwa na Kifaransa cha shule. Mzee Hamdani akampa kipaza sauti, akawa anakaa pembeni ya televisheni na kuwaambia watu kinachosemwa. Kazi hiyo ndiyo iliyomlisha yeye na shangazi yake, na hawakuwa na nyingine.

Sijakutana na mtu mwenye maoni juu ya picha kama yeye. Za karate alizikubali, ila hakumtaka stelingi anayerusha mateke kabla hujajua ana ugomvi gani. "Kwanza nionyeshe aliyemwua mwalimu wake," alisema. Za kutisha alizipenda kuliko zote, lakini kwa masharti. Maiti akitoka kaburini lazima awe na anachokitaka. "Akitoka kutembea tu, huyo si mzuka, huyo mlevi." Kulikuwa na mchezo wa televisheni wa vipande vipande, wa tajiri mmoja aliyepofuka, uliowaliza wanawake wa mtaa mzima. Yeye aliudharau. "Kanda tatu haoni, na hajajikwaa hata kwenye kiti."

Kubwa zaidi, hakukubali kudanganya. Siku alipougua malaria, kipaza sauti kilishikwa na Dismasi, fundi baiskeli mwenye mdomo mtamu asiyejua Kifaransa hata cha salamu. Stelingi akachomwa mkuki, akafa. Dismasi akawaambia watu amezimia tu, ataamka sehemu ya pili. Wakaenda zao wamefurahi. Elida alikaa na hasira wiki nzima.

"Walimzika," aliniambia. "Tumeuona udongo. Kwa nini amnyime mtu kuliliwa?"

Nilikuwa nanyonyesha, nikamhamishia mtoto ziwa la pili. Mume wa Elida alibaki Uvira, na hakuna aliyemwona akizikwa.

Tatizo lilikuwa Kiswahili chake. Kwetu bibi ni mama wa mama yako. Kwao bibi ni mke. Siku moja stelingi, kijana kifua wazi, alikuwa analia mbele ya nyumba inayoungua, na Elida akamsemea kwa uchungu wote: "Wameniibia bibi yangu. Sitalala mpaka nimpate bibi yangu." Mara akatokea bibi mwenyewe, msichana wa nywele ndefu, amefungwa kamba.

Banda zima likaangua kicheko.

"Huyo ndiye bibi? Basi mama yake hajazaliwa."

"Kijana, mrudishie babu mke wake."

Elida akaendelea. Adui akachomoa kisu, naye akasema, kama wasemavyo kwao, "Anatosha kisu." Mtu wa nyuma akadakia, "Kama hakitoshi mwongezeeni panga."

Kuanzia hapo watoto wakawa wanamwamkia njiani, "Shikamoo Bibi." Anaitikia marahaba, anapita.

Mzee Hamdani hakucheka. Alimwita, nami nilikuwepo.

"Binti yangu, watu wanakuja kulia, wanaondoka wanacheka. Jumapili nina picha ya mtu anayemtafuta mkewe. Wakicheka tena, kipaza sauti nampa Dismasi."

"Dismasi hajui Kifaransa, Papa Hamdani."

"Hajui. Lakini hawamcheki."

Basi kila mchana akawa anakuja kwenye mkeka wangu. Mimi nachambua mchele, yeye anasema maneno ya picha, na likitoka neno la kwao namkatiza. Kutosha alikuacha upesi, akawa anachomoa visu vizuri kuliko sisi. Bibi ndiye aliyegoma. Akisema polepole, anasema mke. Akiingia kwenye kilio, bibi huyo. Anasimama, anaanza upya, mke wangu, mke wangu, mpaka Verediana akaniita ukutani kuniambia kwamba yale mashetani sasa yanaposa.

"Mke ni neno la ofisini," Elida aliniambia. "Miye niliitwa bibi. Nikisema mke, naona namsema mtu mwingine."

Nikamshauri alikwepe, amtaje yule mwanamke kwa jina.

Akatikisa kichwa. "Kwenye picha kama hizi jina hutajwa mwisho, mbele ya kaburi. Nikilitaja mapema nimeiua picha."

Jumamosi alitoka kuitazama ile kanda peke yake kwa Mzee Hamdani, akaja moja kwa moja kwangu. Hakukaa.

"Nimeiona yote," akasema. "Ni nzuri, mama. Mzuka wake ana sababu. Hii Dismasi hataigusa."

Nikamwuliza atafanyaje na lile neno.

"Mengine yote nitayasema miye. Lakini pale mwanamume anapomlilia, ulimi wangu utakimbilia kwetu, najijua. Kwa hiyo kesho utakaa karibu yangu. Nitakuambia sikioni, nawe utawaambia watu."

Nikamwambia sijawahi kushika kipaza sauti, nimeishia darasa la saba, tena nina mtoto.

"Mlete. Kwenye picha kuna mtoto analia. Wako akilia tutasema ni yule, hapo tu nakubali kudanganya."

Akamchukua Yassir mapajani mwangu, kana kwamba nimeshakubali, akamweka begani.

"Neno hilo moja unisemee, mama. Ila uliseme kama mtu aliyempoteza kweli."