Siku Papa Alipoupiga Upepo

Juzi, nyumbani kwa rafiki yangu kule Harborne, nilimkuta fundi akiziba bomba la moshi kwa sufu ili baridi isishuke sebuleni. Alikuwa akipiga mluzi. Mimi nilisikia harufu ya masizi, nikatoka nje.

Utotoni, katika nyumba yetu ya Alum Rock, mtaa mwingine wa jiji hilohilo la ugenini, Papa aliziba meko ya kuotea moto sebuleni kwa mto wa kulalia. Upepo ulilia nyuma ya mto huo, ndani ya bomba la moshi, na kila siku Mama alisema, "Baridi hii itatuua." Nilimwamini neno kwa neno.

Alasiri moja, sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, ikichemka jikoni, mto ule ukaanza kutikisika wenyewe. Kitu kilikwaruza, kikapiga kelele. Papa alishtuka, akarukia nyundo, akaushindilia mapigo. Masizi yalimjaa machoni, manyoya yakatapakaa, damu ikachirizika kwenye vigae.

Mama alipiga mayowe mlangoni. "Papa Neema, acha! Ni ndege tu!"

Sikumsikiliza. Kwangu mimi, upepo uliotaka kutuua ulikuwa umekamatwa, na kumbe ulikuwa na damu kama sisi. Nikapanda juu ya kochi, nikaruka na kupiga makofi: "Muue, Papa! Muue!"

Nyundo ilibaki hewani. Papa aligeuka, akanitazama, akarudi nyuma polepole mpaka ukutani. Nilidhani amechoka.

Nilipokuwa mkubwa, Mama alinieleza. Siku walipomuua kaka yake Papa kule Congo, wauaji walikuwa wanashangiliwa kwa neno hilohilo. Waliokuwa wanashangilia walikuwa watoto.