Nilivyoshikilia saa ya mji

Leo nimesimamisha saa ya Musoma kwa mikono yangu miwili.

Ile sanamu mpya ya saa pale mtaa wa Mwigobero, mvuvi wa chuma ambaye kasia lake ndilo mshale wa dakika, huinua sato kila saa kamili. Uzinduzi ulikuwa saa nne.

Mgeni rasmi hajafika.

Bosi akaninong'oneza: "Panda ushike kasia. Huyo samaki asiinuke!"

Mimi bado niko kwenye majaribio ya kazi. Nikapanda.

Muuza dagaa akapaza sauti: "Mwanangu, ukichoka sema, tukufunge kamba!"

Mgeni akafika saa tano na nusu. Akaitazama saa, hakunitazama mimi.

"Nimewahi kabisa!"

Akahutubia kuhusu kujali muda. Kwa kirefu.

Nikaachia. Sato akainuka. Makofi.

Bosi kafurahi: mwezi ujao anakuja waziri.

Jamani, mawaziri huwa wanachelewaga kiasi gani?