Mawe ya Klachi na Safari ya Bibi Zuwena

Siku yangu ya kwanza gerejini Wattaya, hapa Maskati, msimamizi alinitia vyuma vidogo kiganjani akaniuliza, "Hivi ni nini?" Nikamjibu, "Mawe." Kwetu Unguja vipimo vya mizani huitwa mawe, na vyuma vile vilikuwa na uzito wa aina hiyo. Gereji nzima ikacheka, na vyuma vile vikabaki na jina hilo.

Nikuelezeni vijana, maana siku hizi mnajua kubonyeza tu. Vigari vya mchangani havina gia za kubadilisha kwa mkono; vina mkanda na klachi. Injini ikizunguka, mawe hutupwa nje, klachi ikaubana mkanda, gari likenda. Huku chini hewa ni nzito na injini ina nguvu, kwa hiyo unatia mawe mazito. Ukipanda mlima wa Jabal Akhdar hewa inapungua, injini inakosa pumzi, na ukiiachia mawe mazito itaguna ishindwe. Huko unatia mepesi. "Injini huko juu ni mgonjwa," msimamizi akisema, "usimtwishe." Alikuwa mkali, lakini injini alizionea huruma kuliko sisi.

Kazi nnayoikumbuka khasa ni ya Bibi Zuwena. Alilelewa Unguja, na mamake aliporudi Oman akaishi na kufia katika nyumba ya wazee wao huko juu Jabal Akhdar. Macho ya bibi yalikuwa yanaondoka, na daktari alishamwambia hayatarudi. Alitaka kuiona nyumba ya mamake kabla hayajazima. Magoti nayo yalikuwa mabovu, na njia ya kule haipiti gari kubwa. Mwanawe, mtu wa ofisini Al Khuwair, akaleta kigari chake tukitengeneze, na msimamizi akatutuma mimi na Mutua, fundi kutoka Kenya aliyekuwa mgeni kwetu, tumpandishe.

Kwenye mwinuko wa mwisho injini ikachoka. Breki ya mkono ya vigari vile siiamini, basi tukazuia magurudumu kwa mawe ya njiani. Nikaenda kwenye pikapu tuliyoiacha chini kidogo, njia pana ilipokomea, kuchukua mawe mepesi ya klachi, nikampigia Mutua kelele, "Toa mawe!"

Masikini, akayatoa. Yale ya magurudumu!

Kigari kikaanza kurudi nyuma, bibi yumo ndani. Mutua akakimbilia nyuma akakiwekea mgongo, miguu inateleza kwenye kokoto, mpaka nikafika nikarukia breki ya mguu.

Mwana wa bibi akaja mbio. "Basi! Tunarudi Maskati. Na huyu asimguse tena mamangu."

Mutua alikuwa analia waziwazi. "Nisamehe, mama. Nilifikiri ni haya ya chini. Kwetu mawe ni mawe tu."

Bibi Zuwena akageuza uso kuitafuta sauti yake. "Wee, nani aliyekishika kigari?"

"Ni yeye, bibi," nikasema.

"Basi huyo huyo ndiye atakayenipandisha. Mwanangu, mimi siku za kurudi tena sina. Nyamaza, utie makalio kwenye kiti."

Tukabadilisha mawe ya klachi. Injini ikaimba, kigari kikapanda taratibu, Mutua kwenye usukani.

Nyumba ilikuwa imebaki kuta, mlango na kipande cha paa. Mutua akapitia nyuma, palipobomoka, akaingia kuondoa miba bibi asije akajikwaa. Mimi na mwanawe tukamshika bibi mikono mpaka mlangoni. Akaupapasa mlango, akautazama kwa karibu sana, ubao kwa ubao. Kisha akaita, kama alivyozoea kuita zamani, mamake alipokuwa hai:

"Hodi!"

Mwanawe akainamisha kichwa. Mimi nilitamani ardhi inimeze, maana nyumba ile haikuwa na mtu wa kuitika.

Kutoka ndani ikaja sauti ya Mutua, imekwaruza kwa kilio: "Karibu, mama. Karibu ndani."

Bibi akavua viatu, akaingia.

Sasa nimestaafu. Watu wakiniuliza miaka yote ile gerejini nimepata nini, huwaambia niliisikia ile "Karibu, mama" kwa masikio yangu.