Rangi Nyeupe ya Mchoraji

Mchoraji wa karakana yetu ya Bombolulu huchora Mlima Kenya kwenye sinia za mbao, akiwa kwenye kiti chake cha magurudumu. Huanza na miamba, kisha huzinyoosha nywele za brashi kwa mate na kutia theluji kileleni huku akipiga mluzi. Jumanne iliyopita Sidi, anayepiga msasa, alimwonyesha picha aliyotumiwa kwenye simu.

"Mlima gani huu?" akauliza.

"Si ndio wako huo, mzee? Umepigwa picha juzi."

Aliikuza picha kwa vidole viwili, akaigeuza simu huku na huku, akaisogeza karibu na macho.

"Mwamba huu naujua. Chini yake ndipo nilipoteleza na mizigo ya wageni nikavunjika mgongo. Palikuwa barafu tupu, Sidi. Mbona sasa ni mawe?"

Mchoraji akamrudishia Sidi simu. Akachovya brashi kwenye rangi nyeupe, akaishikilia juu ya sinia hadi rangi ikamdondokea pajani. Hakuisikia. Akatutazama mmoja mmoja.

"Sasa watu wakiniuliza niliangukaje," akasema, "niwaambie niliteleza juu ya nini?"