Kilo za Asubuhi, Kilo za Jioni

Nyuma ya soko la Voi kulikuwa na kinu cha kusaga mahindi, na mlangoni mwake mizani kubwa ya kupimia magunia. Kwa karibu mwaka mzima mimi nilikuwa mojawapo ya magunia hayo. Nilipita asubuhi nikienda shuleni kufundisha, nikapita tena jioni nikirudi. Mwenye kinu alishazoea. Nilivua viatu, nikaweka kikapu chini, nikapanda, na wanawake waliokuwa foleni na madebe yao ya mahindi wakakatiza maongezi ili watazame mshale.

"Mwalimu, leo umeongeza!"

"Ni hii gauni, ni nzito."

"Gauni gani, na si ni ile ya jana?"

Walicheka, nami nikacheka nao, ila moyoni nilikuwa nachemka. Hawakujua kwa nini napima. Pale kwetu kumwambia mtu amenona ilikuwa kumsifu, na mwanamke aliyekonda alionekana mgonjwa au ameolewa vibaya. Waliniona mwalimu mwenye maringo, basi, na sikuwasahihisha.

Ukweli ni kwamba nilikuwa nimezika watoto wawili bila kusikia hata mmoja akilia. Mimba zote mbili zilifika mwezi wa saba, miguu ikavimba, kichwa kikauma, presha ikapanda, mtoto akaenda. Baada ya wa pili, daktari mmoja wa Mombasa, mtu wa maneno machache, alituambia mimi na mume wangu kwamba ya tatu ikija kwa hali ile inaweza kunichukua na mimi. "Punguza uzito kwanza," akasema. "Ukifika kilo sabini na tano, rudi tuongee." Nilikuwa themanini na tisa. Mtu mwingine angelia, lakini mimi nilitoka mle nikiwa karibu na furaha, kwa sababu kwa mara ya kwanza nilikuwa nimepewa kitu ninachoweza kukifanya kwa mikono yangu. Tangu siku hiyo sikutulia tena.

Niliacha chapati, nikaacha soda, nikaacha mandazi ya saa nne pale ofisini kwa walimu. Nilikwenda shuleni kwa miguu, nikavuka reli na kulimeza lile vumbi jekundu lote. Wiki ya kwanza mshale ulishuka kilo mbili, nikaimba njia nzima. Halafu wazimu ukaanza. Jumatatu nimeshuka kilo, Jumanne nimepanda kilo na nusu. Asubuhi mwepesi, jioni mzito, na katikati nimekula nini? Sukuma wiki na ugali wa ukubwa wa ngumi ya mtoto! Wanafunzi wangu wakawa wanajua mshale umesema nini kwa kutazama nilivyoshika chaki. Ukiwa umepanda, hakuna aliyethubutu kuomba ruhusa ya kwenda choo.

Mume wangu alifanya kazi ya reli stesheni ya Maungu, akija nyumbani siku zake za mapumziko. Yeye alikuwa mtulivu, na utulivu wake uliniudhi kuliko matusi. Nikimwambia nimepanda, alisema, "Utashuka." Nikimwambia nimeshuka, alisema, "Si nilikwambia?" Nilitamani kumrushia sufuria.

Mwisho wa mwezi mmoja nilipanda milimani hadi Bura kumwona mama. Alinipokea mlangoni, akanishika mikono, akanigeuza huku na huku.

"Mwanangu, huko Voi mnalala njaa? Mumeo hakupi ya chakula? Watu wakikuona hivi watasema nini?"

Alikuwa ameshapika kimanga, mihogo na maharagwe yaliyopondwa pamoja, na kwa kuwa ni mimi, chumvi na samli hakuvipima. Wapo watu wanaoweza kukataa kimanga cha mama yao huku mama mwenyewe ameketi mbele yao anawatazama midomo. Mimi simo. Nilikula sahani mbili na nikalionea raha kila tonge. Asubuhi iliyofuata, huko Voi, mshale ulikuwa umepanda kilo mbili na nusu.

Nilishuka kwenye mizani macho yamejaa machozi. Niliona kazi ya mwezi mzima imepotea kwa sahani mbili. Nikaamua kujiadhibu. Nilikula kidogo hadi karibu na kutokula, na maji nikayaacha kabisa, maana nilikuwa nimegundua kwamba siku za kiu mshale unanipendeza. Kuacha maji, Voi, msimu wa jua! Siku ya tatu nilikuwa ubaoni, darasa la nne wananitazama, nikaona ubao unakuja kwangu. Nilipofumbua macho nilikuwa sakafuni, nimelowa, na watoto wamenizunguka na ndoo tupu.

Mume wangu aliletewa habari, akadandia gari la mizigo akafika kabla ya jua kuzama. Siku hiyo hakuwa mtulivu.

"Wewe unataka mtoto ama unataka kufa?"

"Nataka mtoto."

"Basi kunywa maji!"

"Maji yananipandisha," nikasema.

Alinimiminia kikombe cha maji, akakiweka mbele yangu. Nami nikakisikia nilichosema, kikanikaa kichwani usiku kucha.

Kulipokucha nilikwenda kinuni na chupa ya lita moja imejaa maji. Nilipima. Nikashuka, nikainywa yote palepale bila kupumzika, wanawake wakinishangilia kana kwamba ni mashindano. Nikapanda tena. Mshale ulikuwa umeongeza kilo moja, hakuna zaidi wala pungufu.

Kila mwaka nilikuwa nikiandika ubaoni, kwa mwandiko mzuri, kwamba lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Nilikuwa nimewachapa watoto wa watu kwa kulisahau jambo hilo. Na mimi mwenyewe sikuwahi kufikiri kwamba linahusu tumbo langu! Nilicheka peke yangu hadi nikakaa juu ya gunia la mtu. Nikawaeleza wale wanawake: ninachopanda na kushuka kila siku ni maji, na chakula kilicho bado njiani, na chumvi inayoyashika maji yasitoke. Ili ninenepe kweli kilo mbili na nusu kwa siku moja, ningelazimika kula sufuria ya mama pamoja na mafiga yake.

Mama mmoja wa Kikamba, aliyeuza maharagwe hapo mlangoni na aliyejua kilo zangu kuliko mume wangu, alitikisa kichwa. "Kumbe tumekuwa tukikupigia makofi kwa sababu ya jasho," akasema.

Kuanzia hapo niliacha kuushindanisha mshale wa leo na wa jana. Nilishika kichwani kilo ya chini kabisa ya mwezi huu, nikailinganisha na ya mwezi uliopita. Ndipo nikaona kingine: kila nilipokaribia siku zangu za mwezi mshale ulipanda, hata nile majani kama mbuzi, na siku hizo zikija, ulishuka wenyewe. Kilo zenyewe, zile za kweli, zilikuwa zinaondoka polepole kwa chini bila kelele. Ningependa kusema kwamba kujua hivyo kulinituliza, lakini ningekuwa nadanganya. Niliendelea kupima asubuhi na jioni, na siku nyingine mchana.

Nilifika sabini na tano wakati mvua za vuli zinaanza. Daktari alinipima presha mara mbili, kwani ya kwanza hakuiamini. "Haya," akasema. "Jaribuni. Na usikose kliniki."

Nilidhani taabu imekwisha, kumbe ilikuwa imegeuka tu. Siku zangu hazikuwa na adabu, zilikuja zilipotaka, kwa hiyo sikuzitegemea kuniambia kitu. Niliutegemea mshale. Kila mwezi ulipoanza kupanda, nilisimama pale juu nikijiambia, labda. Nilitembea kwa uangalifu, niliacha kupaza sauti darasani. Kisha siku zangu zinakuja, kilo inashuka, na wanawake wa foleni wanafurahi kwa niaba yangu.

"Hongera, mwalimu! Umepungua!"

"Asante," nilijibu, nikafunga viatu nikiwa nimeinama muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Ilikwenda hivyo mwezi baada ya mwezi. Mume wangu hakuuliza, ila nilimwona akinitazama usoni kila aliposhuka kwenye gari la moshi, halafu akianza kuongea habari za Maungu.

Mwezi mmoja mshale ulipanda kama kawaida. Nikangoja ushuke. Nilijikaza nisiseme labda, nimechoka na neno hilo. Wiki ikapita, ukabaki palepale. Nikaanza kuhesabu chumvi niliyokula, nikaanza kukumbuka kila kikombe cha maji. Sikupata cha kukilaumu. Wiki ya pili ukaongeza kidogo. Nilikuwa na njaa ya ajabu, na harufu ya unga wa moto pale kinuni, niliyoipenda siku zote, mara mbili ilinifukuza mlangoni nikarudi nyumbani.

Jioni moja nilikwenda na debe langu la mahindi. Nililitua chini, nikavua viatu, nikapanda. Mshale ukapanda na mimi, ukasimama juu ya alama ya jana.

Mama wa maharagwe akanyoosha shingo. "Pole, mwalimu. Umepanda tena. Lakini si ulitufundisha mwenyewe? Hiyo ni maji. Itashuka tu."

Nilitaka kujibu kwa mzaha kama siku zote. Mzaha haukuja.

"Isishuke," nikasema.

Foleni nzima ikageuka.

"Mama, isishuke."

Alinitazama usoni, akatazama mshale, akanitazama tumbo. Aliinuka, akapangusa mikono kwenye leso, akanishika kiwiko na kunishusha taratibu mpaka chini. Nilipoinama kuchukua debe aliliwahi, akaliburuta hadi mwanzo wa foleni, na hakuna mwanamke aliyelalamika kupitwa.

"Nenda nyumbani ulale," akasema. "Unga nitakuletea mimi."