Kaseti Tano ao Kitabu Kimoja

Direkteri wetu aliweka vitu viwili juu ya meza: kitabu kinene kilichoandikwa kwa Kifaransa, na boksi yenye kaseti tano za video. "Chagua kimoja," akasema. "Ile ingine itabakia mu armoire," akaongeza, akionyesha kabati lenye kufuli.

Nikamuuliza kwa nini nisichukue vyote viwili, maana ni mimi peke yangu niliyepaswa kujifunza. Akanitazama kama mtu aliyeombwa ufunguo wa nyumba yake. "Ni mali ya mradi, maman. Mali ya mradi haitokake yote siku moja."

Ndivyo tulivyofanya kazi Bukavu miaka ile ya Zaïre. Kitu kipya kikifika, kwanza tunakifungia, halafu tunatafuta sababu.

Nilikuwa daktilo katika mradi wa mpunga. Kila msimu nilipiga kwa mashine ya kuandika orodha ya wakulima wa bondeni wanaopewa mbegu: wa Kamanyola, wa Luberizi, na wa vijiji vya jirani. Sasa wafadhili walikuwa wametuletea ordinateri, yaani kompyuta, pamoja na mzungu mmoja wa kuiendesha, lakini mzungu huyo alikuwa anarudi kwao baada ya wiki sita. Direkteri aliniambia bila kuzunguka: kabla mzungu hajaondoka, mimi niandike programu kwa lugha ya BASIC, itoe ile orodha kijiji kwa kijiji. Nikishindwa, ataita mtu wa Kinshasa anayejua tayari.

"Na mimi, Direkteri?"

"Wewe utapumzika."

Kupumzika! Mjane mwenye watoto watatu, anayelala kwa baba yake, mtaa wa Nyalukemba, apumzike wapi?

Msiniulize kwa nini mzungu mwenyewe hakunifundisha. Siku nzima alikuwa bondeni kwenye mifereji. Alichonipa ni saa moja ya mashine kila asubuhi kabla gari halijamchukua, na tabasamu.

Nyumbani kila mtu alikuwa na neno. Papa alikuwa amefundisha shule ya msingi kwa miaka thelathini, na kwake jambo halikuwa na mjadala: "Mutu anajifunza mu kitabu. Televizyo ni ya kuchekesha watoto." Shemeji, mume wa dada yangu, ndiye aliyekuwa na video peke yake kwenye avenue yetu, naye akacheka: "Papa, kitabu iko ya zamani! Mu kaseti utaona mukono ya mwenye kujua." Wakabishana juu ya kichwa changu jioni nzima, wala hakuna aliyeniuliza mimi nataka nini. Nikachagua kaseti ili wanyamaze.

Mawee! Laiti ningejua.

Kwenye avenue yetu video ikiwashwa mlango haufungwi. Ukiufunga, kesho utasikia unaitwa mchawi. Jumamosi saa tisa mchana nilifika kwa shemeji na kaye, daftari langu, na kalamu. Hata sijakaa vizuri, majirani wameshaingia na viti vyao, na maman mmoja amekuja na sahani ya maharagwe ya kuchambua. Nikawaambia kwa upole kwamba si filamu, ni somo.

"Hakuna shida," akasema yule maman. "Somo ikiisha, filme itaanza."

Kwenye televisheni akatokea mwanamume mwenye kipara na kravati, akionyesha kwa kijiti maandishi madogo kama chawa. Rangi hazikuwapo, kwa sababu kaseti za Ulaya na televisheni ya shemeji hazikupatana. "Huyu papa anakasirikia nani?" mmoja akauliza. "Bibi yake iko wapi?" akauliza mwingine. Nikiwa nimeandika nusu ya mstari, maandishi yamekwenda zake. Namwomba shemeji arudishe nyuma kidogo, yeye hampi mtu telekomande yake, na anarudisha mpaka mwanzo, na nyumba nzima inapiga kelele: "Aaka! Hiyo tumeishaiona!"

Jumamosi tatu! Nilijua kravati zote za yule bwana, na BASIC sijui hata neno.

Nikarudisha kaseti. Direkteri alizihesabu mara mbili, akachungulia kila moja kama utepe upo ndani, ndipo akanipa kitabu. Papa alikipokea kwa mikono miwili. Akakivika gazeti, akakiweka chumbani mwake, akaniambia hakitatoka humo.

"Kitabu ya mradi haitembee mu mvua. Nitakuandikia."

Huko ndiko alikotoka. Katika shule zake kitabu kilikuwa kimoja, cha mwalimu, na watoto walinakili. Kila siku Papa alikaa dirishani akininakilia mifano kwenye kaye, kwa mwandiko wa kupendeza, vichwa vya habari kwa wino mwekundu. Asubuhi, kabla sijanywa chai, nasimama mbele yake nakariri. Mama wa watoto watatu! Nikikosa neno moja, naanza upya. Watoto wangu walikuwa wanacheka mpaka wanakohoa.

Nikafika ofisini, nikapiga mfano wa kwanza kama ulivyo kwenye kaye. Mashine ikakataa, ikaandika maneno ya Kiingereza nisiyoyajua. Nikapiga tena. Ikakataa. Siku ya pili hivyo hivyo, ya tatu, ya nne. Nililia mbele ya ile mashine, nasema kweli. Wiki moja tu ilikuwa imebaki, na Direkteri alishaanza kuuliza habari za hoteli ya kumlaza mtu wa Kinshasa.

Ijumaa, Papa akiwa kwenye misa, niliingia chumbani mwake nikafungua kitabu. Katika BASIC ile kila mstari ulikuwa na namba yake, na kitabu kilianza na 10, kikafuata 20, kisha 30. Kwenye kaye ya Papa ilikuwa 1, 2, 3. Lakini mstari wa mwisho, ule wa kuiambia mashine irudi nyuma, ulibaki vilevile: nenda mstari wa 20. Mstari gani wa 20? Kwenye kaye mistari ilikuwa mitano!

Alipoingia nilikuwa nimesimama mlangoni. "Papa, ni nani alibadilisha hizi namba?"

"Nilizisahihisha," akasema, ametulia. "Mwalimu gani anaanza kuhesabu na kumi? Na tena anaruka? Mutoto wa darasa ya kwanza, première année, akiniletea hii, ninamupa zéro."

"Papa, umeniharibia kazi!"

Nilipiga kelele. Mbele ya watoto, mbele ya jirani aliyekuja kuomba chumvi. Sikuwahi kumpandishia baba yangu sauti maisha yangu yote. Akavua miwani, akaifuta kwa shati. "Basi chukua kitabu yako," akasema, na tangu hapo hakunisemesha tena.

Nikakificha ndani ya kitenge nikaenda nacho kazini. Namba ziliporudi kwenye kumi kumi, mashine ikatii. Na ndipo nikaelewa kwa nini zinaruka: ukisahau mstari, unauingiza katikati. Kati ya 4 na 5 ya Papa hapakuwa na nafasi hata ya sindano. Bwana wa kravati labda alilisema jambo hilo, na kitabu labda kilikuwa nalo mahali, lakini lilinikaa kichwani kwa sababu lilikuwa limenichoma.

Siku ya kuonyesha, karatasi ikatoka ikilia krii krii. Direkteri akashusha kidole kijiji kwa kijiji, mzungu kando yake. Kidole kikasimama.

"Na Luberizi?"

Nilikuwa nimeisahau Luberizi! Luberizi nzima, na mpunga wake wote! Direkteri akapumua kwa pua, akamtazama mzungu. Sikungoja amalize kufikiri. Nikakaa, kati ya 40 na 50 nikaandika 45 na jina la Luberizi, nikaiambia mashine ianze tena. Luberizi ikatoka, na watu wake, waliokuwamo tayari kwenye mashine, chini yake.

Direkteri akashusha kidole tena mpaka chini ya karatasi. Kisha: "Utabakia."

Akachukua fomu ya wafadhili. "Wanauliza ulijifunza na nini. Kaseti, ao kitabu?"

"Andika papa yangu."

"Papa yako anajua ordinateri?"

"Hajaiona hata siku moja."

Akacheka, mzungu naye akacheka bila kujua kwa nini, na kwenye fomu Direkteri akaandika: kaseti.

Nilimkuta Papa ameketi mbele ya nyumba. Ilikuwa siku ya sita bila neno. Aliangalia barabarani, si mimi.

"Wamekubakisha ku kazi?"

"Wamenibakisha, Papa."

"Na waliuliza ni nani alikufundisha?"

Nilikuwa na ukweli mdomoni, na nilikuwa na aibu ya ile kelele yangu, na aibu ikashinda. "Waliandika jina yako."

Papa aliingia ndani, akatoka amevaa abacost, suti yake ya sikukuu, vifungo vyote mpaka shingoni, akashika avenue kwenda kuwaambia watu. Mlango wa kwanza aliobisha ulikuwa wa shemeji.